Marehemu Anaendelea Vizuri

Siyo nchi yetu hii. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akanibebesha maneno ambayo sikuyasema. Ni nchi nyingine kabisa, yenye bendera yake, wimbo wake na rais wake, ambaye picha yake imetundikwa kwenye kila ukuta, hata ukuta wa bucha, akizitazama nyama zilizoning'inia kama mtu anayejaribu kukumbuka majina. Kwetu mambo hayo hayapo. Kwetu tunayasikia tu.

Katika nchi hiyo mtu hazikwi hivi hivi. Jeneza likishashushwa, mtu wa ukoo anasimama kando ya kaburi, anakunjua karatasi, anasoma wasifu: marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alipenda nini, aliugua nini. Watu wanasikiliza, wanaguna panapotakiwa kugunwa, ndipo udongo unaanza kurushwa. Anayezikwa bila wasifu ni jambazi aliyepigwa risasi, au maiti iliyookotwa mtoni isiyo na mwenyewe.

Sasa akafa waziri mmoja mnene. Uwanja ukajaa, wasifu ukasomwa kwa kipaza sauti. Ulipofika pale pasemapo, "Marehemu hakuwahi hata mara moja kuchukua kitu kisicho chake," uwanja mzima ulicheka. Hawakupanga. Kicheko kilitoka tu, kama maziwa yanavyochemka yakamwagika jikoni. Mama mmoja alicheka mpaka kilemba kikamdondokea kaburini, na kilizikwa humo humo, maana nani angeshuka kukifuata.

Polisi wakakimbia huku na huku. "Mnacheka nini?"

"Hatucheki, afande. Ni majonzi."

Serikali ikakaa kikao kirefu, na maji ya chupa na korosho. Neno baya halikutamkwa na mtu. Wasifu ulikuwa safi, uliandikwa na ofisi yenyewe ya marehemu. Kosa lilitendeka ndani ya vichwa vya watu, mahali ambapo polisi hawana kituo. Ndipo ikaundwa Wizara ya Maana.

Waziri wake wa kwanza alihutubia taifa akiwa amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso. "Ndugu wananchi," alisema, "tumegundua uvujaji mkubwa wa maana. Maana ni rasilimali ya taifa kama madini na misitu. Haiwezekani kila mtu aokote maana yake barabarani aende nayo nyumbani! Kuanzia leo, mwananchi atasoma na kusikiliza kwa uhuru kamili. Kuelewa ataeleweshwa."

Makofi yalipigwa. Mengine yalipigwa na watu ambao hawakuwa wameeleweshwa bado, wakakamatwa.

Wizara ikasomesha wahakiki, ikawatawanya wilayani wakiwa na magari meupe na Mwongozo wa Uchambuzi, kijitabu kilichosema kuwa kila matini, maana yake kila andiko na kila usemi, lazima iwe na dhamira, mgogoro, wahusika, mandhari, taswira na ujumbe, na ujumbe wenyewe uwe kati ya ule ulioruhusiwa. Ujumbe ulioruhusiwa ulikuwa umoja, bidii na shukrani. Ulikuwepo na ukombozi, lakini ulifutwa kwenye toleo la pili, kwa maelezo kwamba ulishakamilika.

Walianza na vitu vidogo. Dereva wa lori aliyeandika nyuma "Mungu Yupo" alisimamishwa, akaulizwa yupo wapi, na ni nani anayeambiwa hivyo kana kwamba hajui. Muuza chai aliyeandika "Chai Moto" aliambiwa athibitishe kwa hoja zisizopungua tatu. Kisha wakageukia misibani, ambako ndiko Serikali ilikotiwa aibu. Ikawa hakuna kuzika mpaka wasifu uchambuliwe, upewe Maana Rasmi na kugongwa muhuri. Na waombolezaji nao wanaulizwa maswali ya ufahamu pale pale kaburini. Aliyefaulu anarusha udongo. Aliyefeli anasimama nyuma ya kamba, hata kama marehemu ni mama yake mzazi.

Haya. Hiyo ndiyo nchi.

*

Kulikuwa na mji mdogo huko, Njiapanda ya Ndolela, na fundi baiskeli aliyeitwa Mzee Ambokile. Kibanda chake kilikuwa cha mabati mawili na nguzo, na mbele yake karai la maji la kutafutia pancha. Alikuwa na tabia moja ambayo watu waliizungumza: usafi. Akimaliza kazi alichota mchanga, akachanganya na sabuni ya mche, akasugua mikono mpaka kwenye viwiko, akachokonoa kucha kwa kijiti. Mkewe, Mama Sikitu, alisema katika ndoa yao yote hakuwahi kulala na harufu ya grisi.

Mzee huyo aliugua tumbo. Zahanati walimpa karatasi ya kwenda kununulia dawa kwingine, na huko kwingine nako hazikuwepo. Akafa asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Zahanati ya Ndolela haina chumba cha maiti, hivyo alilazwa nyumbani, chumba cha uani. Muuza soda alizitoa soda zake zote kwenye friza akagandishia maji, akawa analeta mabonge ya barafu kwenye ndoo. Wanawake wakaweka mkaa chini ya kitanda, na majani ya mlimau, na kahawa iliyosagwa kwenye sahani. Turubai likafungwa uani, mikeka ikatandikwa, maharage yakabandikwa.

Mama Sikitu alikaa mkekani, hakulia sana. Alikuwa na ombi moja, na aliliomba kwa kila aliyekuja kumshika mkono. "Mnisaidie azikwe kesho. Ni jua la kiangazi hili. Sitaki watu waje wazibe pua kwa mume wangu. Mtu alikuwa msafi yule. Hilo tu. Mengine yote nitayabeba."

"Kesho, mama," wakasema wote.

Wasifu uliandikwa na binti yake, Sikitu mwenyewe, kwa mwandiko wa duara. Ulikuwa mfupi. "Baba alizaliwa Ndolela. Alikuwa fundi baiskeli. Aliwafundisha kazi vijana wengi. Alipenda ndizi za kuchoma. Alinawa mikono sana. Hakugombana na mtu. Aliugua tumbo. Amefariki. Tutamkumbuka."

Mwenyekiti wa mtaa aliusoma, akauzungusha zungusha kwenye vidole. "Umekaa vizuri," alisema, "ila mimi siyo mtu wa kusema umekaa vizuri." Akampigia simu Mhakiki wa Wilaya.

*

Mhakiki wa Wilaya alikuwa Daktari Ngajilo. Alifika siku ya pili, jua likiwa utosini, amevaa suti yenye kizibao ndani. Dereva alimfungulia mlango, msaidizi akambebea mkoba, mwenyekiti akambebea msaidizi mwavuli. Mama mmoja aliyesikia neno daktari alimletea mtoto mwenye kikohozi.

"Mimi ni daktari wa matini," alisema Daktari Ngajilo.

"Pole sana," alisema yule mama, akamsogeza mtoto mbali naye kidogo.

Alipewa kiti chenye mto. Kwanza alikula. Alikula wali wa msiba, akauliza kama hakuna kuku, kuku akachinjwa, akamla huku akieleza kuwa uchambuzi hautaki tumbo tupu. Mafupa aliyapanga ukingoni mwa sahani kwa ukubwa. Kisha akafuta midomo, akavaa miwani, akasoma ile karatasi ya Sikitu kimya. Akaisoma tena. Akaigeuza nyuma, akakuta hakuna kitu, akashtuka.

"Mgogoro uko wapi?"

Mwenyekiti akainamia karatasi kuutafuta.

"Nauliza. Matini yoyote ina mgogoro. Hapa naona, 'Hakugombana na mtu.' Huyu marehemu aliishi miaka yote hiyo akifanya nini?"

"Baiskeli," alisema Mama Sikitu.

"Bila mgogoro hakuna kilele, mama. Bila kilele hakuna mporomoko. Kwa lugha nyepesi, mume wako bado hajawa mhusika. Sasa tunazika nini?"

"Mnamzika yeye, mheshimiwa. Yumo humo ndani. Ingia umwone."

"Sihitaji kumwona. Mchambuzi makini haendi nje ya matini." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Tuendelee. Hii ndizi. Ndizi inawakilisha nini?"

"Ndizi."

"Hiyo ni maana ya juu juu. Watoto wa chekechea wanaishia hapo. Hii ndizi siyo ndizi tu. Imechomwa. Nani aliichoma?"

"Mimi."

"Alaa!" Akamgeukia msaidizi. "Andika. Mke, mhusika mpinzani, mwenye moto." Msaidizi akaandika. "Na kwa nini hakupenda ndizi za kuchemsha? Anaikataa sufuria? Sufuria ni nini kama siyo taifa, ambamo sote tunaiva pamoja?"

Mzee Lwitiko, mdogo wake marehemu, mwanamume mwenye sauti kubwa na subira ndogo, alinyanyuka kwenye benchi. "Alikuwa hana meno ya nyuma, bwana! Ndizi ya kuchoma aliipenda kwa sababu alikuwa anaipenda! Kaka yangu anasubiri barafu humo ndani, wewe unauliza sufuria!"

"Mzee, punguza hisia. Hisia zimo ukurasa mwingine wa Mwongozo." Daktari Ngajilo alivua miwani. "Na mseme ukweli: marehemu angekuwepo tungemuuliza alimaanisha nini kwa maisha haya. Ila hata angekuwepo tusingemsikiliza. Mwenye maisha ndiye mtu wa mwisho kuyaelewa. Hilo limethibitishwa na wataalamu."

Akaamuru wasifu urudishwe ukatiwe mgogoro. Bila mgogoro, hakuna muhuri.

"Mheshimiwa," alisema Mama Sikitu taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa, "nilikuwa nimeomba azikwe leo."

"Na atazikwa, mama. Fasihi haina haraka."

*

Basi msiba mzima ukaanza kumtafutia marehemu ugomvi. Nawaambia, watu walikuna vichwa. Mmoja alisema aliwahi kumwona Mzee Ambokile akimsonya mbuzi. Mwingine akakumbuka alimnyima mtu pampu, kisha akakumbuka kwamba siyo yeye aliyenyima, ni yeye aliyenyimwa, na hakusema kitu. Mwenyekiti alishauri waweke tu kwamba aligombana na mkewe. Mama Sikitu akamtazama. Mwenyekiti akasema basi, lilikuwa wazo tu.

Mwisho Mzee Lwitiko akapiga paja. "Mashimo! Kaka aligombana na mashimo ya barabara. Kila baiskeli ikiletwa na rimu iliyopinda alikuwa anatikisa kichwa: 'Mashimo haya, mashimo haya.' Huo siyo mgogoro?"

Sikitu akaongeza mstari: "Baba alichukia mashimo ya barabara kwa sababu yalivunja baiskeli za watu."

Daktari Ngajilo alipousoma, jasho lilimtoka kwenye kizibao. Barabara ni ya nani? Ya Serikali. Mashimo yamo kwenye nini? Barabara. Akasimama, akakaa. Akamnong'oneza msaidizi, msaidizi akamnong'oneza dereva, dereva akasema kwa sauti ya kawaida, "Lakini mashimo yapo, bosi. Si tumevunja springi pale darajani tukija?"

"Wewe nyamaza! Wewe umepita kwenye taswira!"

Ndolela simu hazishiki vizuri. Ilibidi Daktari Ngajilo apande juu ya boneti ya gari, akavua viatu ili asikwaruze rangi, akasimama hapo na soksi zake zenye tundu kwenye kidole gumba, akipiga kelele kwenda Wizarani: "Mashimo! Ma-shi-mo! Hapana, siyo mashamba! Ndiyo, wameyataja waziwazi!"

Wizara ikaitisha jopo. Jopo likagawanyika. Kundi moja lilishikilia kwamba shimo ni kukosekana kwa barabara, kwa hiyo haliwezi kulaumiwa, kwa sababu halipo. Kundi la pili lilishikilia kwamba shimo lipo, lakini ni la mwananchi, kwa kuwa ndiye anayetumbukia humo. Wakaenda chakula cha mchana. Wakarudi. Wakaenda chai.

Huku Ndolela barafu ilikuwa inayeyuka kwenye ndoo kabla haijafika chumbani. Wanawake walibadilisha majani ya mlimau, wakaongeza kahawa, na aliyekuwa na udi nyumbani aliufuata. Muuza soda alikuja akasimama mlangoni mwa chumba cha uani, akasema friza lake limezidiwa, umeme umekatika. Alisema hivyo akitazama chini.

Mama Sikitu alikuwa ameketi pembeni ya jeneza na ungo wa kupepetea, anapepea. Nzi mmoja akija anampepea, akirudi anampepea. Alipepea hivyo mchana kutwa, akibadilisha mkono.

*

Jibu lilikuja siku ya tatu, na Daktari Ngajilo alilisoma chini ya turubai kwa sauti ya harusini.

"Ndugu wafiwa, hongereni! Matini yenu imepata Maana Rasmi. Jopo limebaini kwamba mashimo si kero bali ni ajira. Bila mashimo, rimu zisingepinda. Bila rimu kupinda, marehemu angekula nini? Kwa hiyo Serikali, kwa kuona mbali, ilimwandalia mwananchi huyu mashimo tangu ujana wake, na yeye akaishi kwa shukrani. Ujumbe: shukrani. Mmefaulu kwa daraja la kwanza!"

Mwenyekiti alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akajifanya anaua mbu.

"Tuzike basi," alisema Mama Sikitu.

"Kuna rekebisho dogo la mwisho." Daktari Ngajilo akakohoa. "Jopo limesikitishwa na umaliziaji. 'Aliugua tumbo. Amefariki.' Hii inamwacha msikilizaji katika hali ya kukata tamaa. Anaweza hata akajiuliza kuhusu dawa. Matini ya taifa humalizika kwa matumaini. Kwa hiyo tumeweka hivi." Akasoma: "'Aliugua tumbo, akahudumiwa vyema, na sasa anaendelea vizuri.'"

Mtu mmoja jikoni alidondosha mwiko.

"Nani anaendelea vizuri?" aliuliza Mzee Lwitiko.

"Marehemu."

"Yupi? Huyu wa ndani?"

"Huyu wa kwenye matini, ambaye ndiye tunayemtambua."

Mama Sikitu akafikiri. Akasema, "Sawa. Andikeni mnavyotaka. Muhuri uko wapi? Mpeni mwenyekiti atoe kibali, tubebe."

Mwenyekiti akaichukua karatasi yenye muhuri. Akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini. Kidole kikasimama. "Mimi siwezi," alisema. "Kibali cha mazishi natoa kwa mujibu wa Maana Rasmi. Na Maana Rasmi inasema huyu mtu anaendelea vizuri. Nikitoa kibali nitakuwa nimeruhusu azikwe mtu ambaye Serikali imethibitisha ni mzima. Hiyo ni kesi, mheshimiwa. Hiyo ni kesi ya mauaji."

Daktari Ngajilo alikiri kwamba hoja ina uzito. Alizunguka turubai mikono nyuma. "Hili sasa si tatizo la maudhui," alisema, "hili ni tatizo la fani. Itabidi nirejee Wizarani." Akaanza kuvua viatu.

Ni wakati huo upepo ulipogeuka. Ulitoka upande wa chumba cha uani, ukapita juu ya mkaa, juu ya kahawa, juu ya udi na milimau, ukaja chini ya turubai na ile harufu. Waombolezaji wote waliisikia. Hakuna aliyenyanyua mkono. Wanawake walikaza shingo, wazee wakatazama magoti yao, watoto walikuwa wameshaonywa. Walikaa hivyo wote, wakipumua kwa midomo.

Daktari Ngajilo akachomoa leso yake ya hariri, akaiziba pua.

"Na harufu hii," aliuliza kutoka ndani ya leso, "inawakilisha nini?"

Mama Sikitu alisimama. "Ni mume wangu," alisema.

Akamwendea mwenyekiti, akaichukua ile karatasi mkononi mwake, wala hakuinyakua, aliichukua kama unavyopokea kikombe. Akatembea nayo hadi jikoni, akaisukuma chini ya sufuria ya maharage, kati ya mafiga. Ikawaka upande wenye muhuri kwanza.

"Mama, hiyo ni nyaraka ya Serikali!"

"Hakuna wasifu," alisema Mama Sikitu. "Hakuna cha kusoma, hakuna cha kuchambua. Lwitiko, bebeni."

"Shemeji!" Sauti kubwa ya Mzee Lwitiko ilikatika. "Kaka azikwe bila neno? Kama jambazi? Kama maiti ya mtoni?"

"Azikwe akiwa mtu. Kesho hatakuwa hata hicho. Beba, shemeji yangu."

Sikitu, ambaye alikuwa ameyaandika maneno yale kwa mwandiko wa duara, alimshika baba yake mdogo begani. "Baba mdogo, beba."

Wakabeba.

*

Walitoka bila wimbo, maana hata nyimbo za kanisani zilihitaji Maana Rasmi na za mwaka ule zilikuwa hazijarudi. Walitoka bila sala ya sauti. Mji mzima ulifuata, mafundi baiskeli mbele, wakisukuma baiskeli zao kwa mkono, na mtu hakusema hata "pita huku" kwenye mashimo. Waliobeba jeneza walikuwa wanaguswa tu mkononi, wanakwepa.

Daktari Ngajilo aliwafuata na gari, likagota darajani, akashuka akawakimbilia kwa miguu. Alifika kaburini jeneza linashuka.

"Semeni!" alihema. "Ndugu wananchi, semeni kitu! Hii haikubaliki kitaalamu!"

Kamba zikavutwa juu. Mama Sikitu alichota udongo, akarusha. Sikitu akarusha. Hakuna aliyeulizwa maswali, maana hapakuwa na cha kuulizia.

"Mama, nakuomba. Neno moja tu. Hata 'kwaheri.' Nitalipatia dhamira nzuri, nakuahidi."

Mama Sikitu alimtazama usoni, kwa muda. Alifungua mdomo. Daktari Ngajilo alishika kalamu. Kisha Mama Sikitu akafunga mdomo, akapangusa mikono yake kwenye khanga, kidole kimoja kimoja, akarudi nyuma kuwapisha vijana wenye machepe.

Yakasikika machepe tu. Udongo wa kwanza una kishindo, mnajua, kisha kishindo kinapungua. Daktari Ngajilo alikuwa amesimama juu ya kichuguu cha udongo wenyewe, na vijana walichota kumzunguka bila kumwambia asogee, mpaka kichuguu kikaisha chini ya viatu vyake na akajikuta amesimama mahali pa kawaida kama watu wengine. Aliandika, akafuta. Aliandika tena, akafuta. Umati mkubwa namna ile, na hakuna kilio, hakuna mguno, hakuna kikohozi. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuogopa vile katika taaluma yake.

Kaburi likafunikwa, likawekwa msalaba wa mbao. Mzee Ambokile alikuwa ameingia ardhini na hakuna mtu wake hata mmoja aliyemzibia pua. Watu wakatawanyika. Jioni, mikekani, wakiwa wanachambua mchele, walianza kumtaja: ndizi zake, kijiti chake cha kucha, yule mbuzi. Wakacheka sana. Mama Sikitu alicheka mpaka akalia, ndipo akalia vizuri.

*

Sasa Daktari Ngajilo alikuwa na taabu. Akiandika ukweli, kwamba mji mzima umezika bila Maana Rasmi mbele ya macho yake, kazi hana. Akakaa akauchambua ule ukimya kwa mujibu wa Mwongozo. Mandhari, makaburini. Wahusika, wananchi wote. Mgogoro, haukusikika. Malalamiko, hayakusikika. Basi mtu asiyelalamika ni mtu gani? Akaandika kwa herufi kubwa: KURIDHIKA.

Ripoti ilipofika Wizarani ilisomwa na Waziri, ikapelekwa juu, ikasomwa na Rais mwenyewe, ambaye inasemekana alidondosha chozi. Katika utawala wake wote hakuwahi kuletewa habari nzuri kiasi kile. Mji mzima umekusanyika na hakuna aliyefungua mdomo! Daktari Ngajilo alipandishwa cheo akawa Mhakiki Mkuu wa Ukimya, akapewa gari lenye springi mpya. Likatoka tangazo kwamba ukimya ni matini ya hali ya juu kabisa, yenye ujumbe ulioruhusiwa, na hauhitaji kuchambuliwa tena.

Watu walisikia tangazo hilo redioni, hawakusema kitu.

Tangu hapo huko wanazika mapema, na wafu wao wanaingia ardhini wakiwa safi. Wasifu unasemwa nyumbani, mikekani, wakati wa kuchambua mchele, na ni mrefu. Na kwenye mikutano ya hadhara, viongozi wakipanda jukwaani wakakuta uwanja umejaa watu hadi kwenye miti, na watu wote hao wanawatazama tu, hawapigi makofi, hawazomei, hawatikisiki, viongozi hutabasamu wakapunga mkono, kisha husogea mbele kidogo, hadi ukingoni kabisa mwa jukwaa, ili waonekane vizuri.